Siku ya Mwisho Mtoni: Kutoka Garissa Kurudi Pwani

Kina mama kadhaa wameniuliza, wengine kwa simu na wengine baada ya darsa, habari za ile safari ya mtoni ambayo watoto wao hawajaacha kuisimulia tangu likizo ya Novemba. Watoto husimulia Sagana, kwa kuwa huko ndiko walikopiga kelele. Mimi nitasimulia Garissa na njia ya kurudi nyumbani, yaani siku ya tano na ya mwisho, kwa sababu huko ndiko nilikoliona jambo linalotuhusu sisi wenye jamaa na watoto.

Tulikuwa watu kumi na tisa, mbali na dereva: wanawake saba, wanaume sita na vijana sita waliomaliza mitihani yao. Nia ilikuwa kuufuata Mto Tana kutoka karibu na chimbuko lake hadi karibu na bahari yetu. Mto huu ndio mrefu kuliko yote nchini Kenya, kiasi cha kilomita 1,000. Maji yake hutoka katika milima ya Nyandarua na Mlima Kenya, nayo huishia Kipini, pale ambapo wazee wetu wa Lamu na Pate walikuwa wakipita na majahazi yao. Watu wa pwani tunakula samaki wa Ghuba ya Ungwana na maembe ya Garsen, lakini wengi wetu hatujawahi kujiuliza maji yale yamepita wapi kabla ya kutufikia.

Huko Sagana mto ni mwembamba na unaanguka juu ya mawe. Vijana walipandishwa mashua za mpira, wakapewa makasia mafupi, kofia ngumu na jaketi za kuokolea maisha, kisha wakateremka na maji yanayochemka kama chungu. Hakuna aliyebishana na kiongozi wa mashua hata kwa neno moja. Alipowaambia wainame, waliinama. Alipowaambia washike kamba, walishika. Maji yenyewe yalikuwa yakipiga ukelele, na kila mtu alimtii mwenye kuyajua. Jambo hili nililiweka moyoni, nami nililikumbuka siku tatu baadaye.

Tuliingia Garissa kwa njia ya Mwingi. Nakiri kwamba jamaa zetu waliobaki nyumbani hawakuifurahia sehemu hii ya safari. Tangu Aprili 2, 2015, siku walipouawa watu 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa, jina la mji huu limebeba msiba ule, na wengi hulitaja kwa sauti ya chini. Waliouawa walikuwa watoto wa watu, na dua zetu na pole zetu kwa wazazi wao hazijakoma. Lakini mji si siku moja. Tuliokaa humo siku mbili tuliona watu wanaoamka kabla ya adhana, wanaoharakisha biashara zao kabla jua halijawa kali, na wanaomkaribisha mgeni kwa chai kabla ya kumwuliza jina.

Kina mama wa msafara wetu walivutiwa zaidi na wanawake wauza maziwa ya ngamia. Hukaa katika safu, kila mmoja na madumu yake mbele yake, na ndani ya maziwa huwa na harufu nyepesi ya moshi, kwa kuwa vyombo hufukizwa kwa vijiti ili maziwa yasiharibike upesi. Mmoja alitueleza kwamba maziwa yake yalikuwa yamekamuliwa usiku mbali na mji, yakaletwa kwa gari alfajiri, na kwamba hamjui kwa sura hata mmoja kati ya wachungaji wanaomletea. Hufanya biashara kwa amana, na hesabu hufungwa kwa simu. Dada mmoja wetu, mwenye duka la nguo Malindi, alimsikiliza muda mrefu kuliko sote.

Asubuhi ya mwisho tulikula anjera na ini, tukafunga mizigo, tukaenda mtoni. Mpango ulikuwa hivi: gari livuke kwa daraja kuelekea Madogo, ng'ambo ya pili, nasi tupande boti, tuteremke na mto muda wa saa mbili hivi hadi kwenye mashamba ya chini, kisha gari litupokee huko. Nahodha alikuwa mzee wa Kimalakote, mtu wa makamo ya kina baba zetu, aliyezaliwa kwenye ukingo ule. Wamalakote ni watu wa mto. Lugha yao ni ndugu ya Kiswahili na Kipokomo, na wanaoisikiliza kwa utulivu hushika neno moja moja. Pamoja nao wako Wamunyoyaya, wavuvi na wakulima wa ukingoni, na Waorma na Wasomali wenye ng'ombe na ngamia wao. Wote hao hukutana kwenye maji yaya haya, mara nyingine kwa wema na mara nyingine kwa ugomvi.

Mto pale Garissa hauna mawe wala ukelele. Ni mpana, una rangi ya chai ya maziwa, na unakwenda polepole hata unaweza kudhani umesimama. Mbingu ilikuwa safi, na ardhi kavu kabisa chini ya miguu yetu. Vijana walianza kucheka walipoona jaketi zimepangwa mchangani. Kwa waliotoka Sagana, maji haya yalikuwa mfano wa bwawa la kuogea.

Mzee hakuwa akitazama boti. Alikuwa amechuchumaa ukingoni akitazama kijiti. Alikuwa amekichomeka jana yake jioni pale maji yalipoishia, na sasa maji yalikuwa yamekipanda kiasi cha shubiri moja. Akatuonyesha pia povu lililokuwa likipita katikati ya mto, na vijiti na majani mabichi yaliyokuwa yakielea pamoja nalo.

"Ustadhi," akaniambia, "maji haya yana mgeni. Kuvuka nitawavusha sasa hivi, hapa kwenye kona ambapo maji ni mazito. Kuteremka leo hapana."

Amiri wetu wa safari akamwuliza mvua iko wapi. Mzee akaonyesha upande wa magharibi, akasema imenyesha huko juu, siku kadhaa nyuma, na sisi tunapokea barua iliyoandikwa zamani. Hapa pana jambo ambalo inafaa lielezwe, kwa maana wengi hatulijui. Kati ya milima na Garissa yapo mabwawa matano ya umeme: Kindaruma, lililojengwa 1968, kisha Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981 na Kiambere 1988. Taa tunazowasha Mombasa zina sehemu yake katika maji hayo. Mabwawa yakiwa na nafasi, huyazuia maji ya mvua. Yakijaa, maji hupita juu na kuteremka kwa watu wa chini, ambao huenda hawajaona tone la mvua. Mzee alituambia kwamba zamani mto ulikuwa ukifurika kwa miadi, mara mbili kwa mwaka, nao walikuwa wakipanda kwenye tope lililoachwa nyuma. Siku hizi, alisema, miaka mingine haufuriki kabisa na tope halipatikani, na miaka mingine unakuja usiku na kuondoka na nyumba.

Hakuwa akitia chumvi. Novemba 2023, wakati wa mvua za El Nino, maji yaliifunika barabara kati ya Madogo na Garissa, na mji ukakatika upande huo. Abiria walishuka kwenye mabasi na kuvushwa kwa boti, na mizigo yao na watoto wao. Aprili 2024 yakatokea tena, makali zaidi. Tarehe 9 ya mwezi huo basi lenye abiria 51 lilizingirwa na maji huko Tula, kwenye barabara ya kwenda Garissa, na Msalaba Mwekundu wakafika wakawaokoa wote, alhamdulillahi. Tarehe 28 boti iliyojaa watu ilipinduka karibu na Kona Punda. Watu 23 waliokolewa, wengine hawakuokolewa. Mahali penyewe hapakuwa mbali na tulipokuwa tumesimama. Picha za ajali ile zilisambaa katika simu za watu wengi, na wengi wenu huenda mlizitazama mkasema innalillahi kisha mkaendelea na kazi. Ndugu yake mzee alikuwa miongoni mwa walioingia majini siku ile kutafuta watu, na mzee hakutaka kulisema hilo kwa urefu.

Vijana hawakuridhika. Mmoja, mwenye adabu zake lakini mwenye damu moto, alisema, "Mzee, sisi tumeshapita kwenye maporomoko." Mzee akamjibu kwa upole kwamba maporomoko humwambia mtu yako wapi, na mto huu haumwambii. Tena humu mna mamba na viboko, na maji yanapopanda huwahama makao yao, wala hakuna ajuaye wamehamia kona gani. Wanaume wawili wa umri wangu walikuwa upande wa vijana. Hoja yao ilikuwa kwamba fedha zimeshalipwa, na kwamba mwenye kutegemea Mungu haogopi shubiri moja ya maji. Hoja hii ya pili nimeisikia mara nyingi katika maisha yangu, katika vivuko, katika matatu zilizojaa, na kwa wazazi wasiotaka kumpeleka mtoto kuchanjwa. Kila mara huitwa tawakali. Tawakali niliyofundishwa chuoni huanza baada ya mtu kumfunga ngamia wake, na Garissa ni mji mzuri wa kulikumbuka somo hilo, kwa kuwa ngamia wamejaa kila upande na wote wamefungwa.

Aliyeumaliza mjadala hakuwa mimi wala amiri. Alikuwa bibi mmoja mzaliwa wa Lamu, mkubwa wa umri kuliko wote katika msafara, ambaye marehemu mumewe alikuwa nahodha wa jahazi. Alisema, "Bahari mimi nimezaliwa nayo. Mto huu siujui, na nyinyi hamuujui. Huyu anaujua. Kama hamtaki kumsikiliza, mlimwitia nini?" Amiri akatangaza kwamba tutavuka tu, na habari ikaisha. Mzee alirudisha nusu ya nauli bila kuombwa. Amiri alikataa kuipokea, mzee naye akakataa kuirudisha mfukoni, mpaka ikawekwa kwenye kisanduku cha msikiti wa kijiji. Nimelitaja hili kwa kuwa mtu aliyekuwa na kila sababu ya kutupeleka, na mwenye haja ya pesa zile, ndiye aliyetuzuia.

Ikabaki kazi ya jaketi. Zilikuwa nane, mbali na zile za nahodha na mwanawe. Mzee akasema watavuka watu wanane, kisha jaketi zirudishwe, wavuke wengine. Hapa dada zetu wawili walisita. Mmoja aliniuliza kando, kwa haya, kama inafaa mwanamke kuvaa kitu kinachobana mwili juu ya buibui mbele ya wanaume. Swali lake ni la heshima na nilimjibu kwa heshima, nami nalirudia hapa kwa kuwa najua wako wengi wenye swali hilo hilo wasiopata wa kumwuliza. Kuhifadhi nafsi ni katika makusudio makubwa matano ya sheria. Jaketi ile huvaliwa juu ya stara, haiondoi stara. Akipenda kutanda leso nyepesi mabegani juu yake wakati wa kupanda, haidhuru, maadamu kamba na vifungo havizibwi, na leso yenyewe iwe ni ya kuachika upesi. Kinachomzamisha mwanamke ni pindo refu na mikono mipana inayokunywa maji, basi pindo likunjwe na kubanwa kiunoni juu ya suruali, na viatu vivuliwe. Mjukuu wa kike wa mzee, msichana wa shule, ndiye aliyewafunga kina mama jaketi zao mmoja baada ya mwingine, akivuta kila kamba na kuuliza, "Inakubana, mama? Lazima ikubane kidogo." Wanaume tuligeuza nyuso. Jambo likamalizika kwa dakika kumi na hapakuwa na mwanamke aliyevunjiwa heshima.

Walivuka kwanza kina mama saba na mume wa mmoja wao, kisha vijana, kisha sisi watano. Tuliisoma dua ya kupanda chombo, na mzee aliisoma pamoja nasi, huku jicho lake likiwa majini. Katikati ya mto niliisikia nguvu iliyofichika chini ya ule utulivu. Boti ilielekezwa juu, lakini ilikuwa ikisogea pembeni kama mtu anayevutwa nguo na mtoto. Mashine iliongezwa moto. Gogo zima lenye mizizi yake lilitupita kwa umbali wa ukumbi wa nyumba, na yule kijana wa maporomoko, aliyekuwa ameshafika ng'ambo, aliliangalia likipita mpaka likapotea kwenye kona. Nilipogeuka kutazama ukingo tuliotoka, sikukiona tena kile kijiti.

Tulipokuwa tukivaa viatu, mzee alitoa simu akaanza kupiga. Alimpigia mtu wa Bura, kisha wa Hola, kwa lugha yake. Maneno niliyoyashika yalikuwa "madzi" na idadi ya siku. Nikafahamu kwamba huo ni utaratibu wao: wa juu humwarifu wa chini, naye wa chini humwarifu aliye chini yake, hadi baharini.

Gari liliondoka Madogo saa tano asubuhi. Barabara hii huenda sambamba na mto upande wa magharibi, lakini mto huuoni. Unachoona ni nyika kavu, mbuzi, na twiga mmoja mmoja, na kwa mbali mstari wa miti ya kijani unaokuonyesha kwamba mto upo na unasafiri nawe. Kina mama walilala. Vijana walisinzia, wengine wakiwa wamenuna bado.

Hola tulifika baada ya Adhuhuri, tukazisali Adhuhuri na Alasiri kwa kuzikusanya na kuzifupisha, kama ilivyo rukhsa ya msafiri. Vijana niliwaeleza kwa ufupi habari za Machi 3, 1959, wakati wafungwa 11 wa Mau Mau walipopigwa hadi kufa katika kambi ya hapo, walipokataa kazi za shokoa, na kwamba serikali ya kikoloni ilitangaza kwanza kuwa walikufa baada ya kunywa maji. Kijana mmoja aliniuliza kama ni maji ya mto huu. Sikuwa na jibu la kumpa zaidi ya kusema kwamba maji hayakumwua yeyote siku ile.

Baada ya Hola tuliingia katika nchi ya Wapokomo, ambao wimbo wao wa kumbembeleza mtoto ndio uliotoa sauti ya wimbo wa taifa la Kenya mwaka 1963. Bibi wa Lamu hakuwa akilijua hilo, akafurahi kupita kiasi. Akasema basi miaka yote hii tumekuwa tukisimama wima kwa ajili ya mama anayemlaza mwanawe. Akaanza kuuimba kwa kinywa kilichofumbwa, polepole, jinsi mama angeuimba, na gari zima likanyamaza kumsikiliza.

Magharibi ilitukuta Garsen. Hapo mto huanza kutawanyika katika nchi tambarare ya delta, na zaidi ya hapo ni Ozi na Kipini, ambako watu husema ndiko alikozikwa Fumo Liyongo. Hata mlango wa mto pale Kipini una mkono wa binadamu ndani yake, kwani wazee wa karne ya 19 walichimba mfereji wa Belezoni kuunganisha Tana na mto wa Ozi ili vyombo vipite, na mto ukaipenda njia ile mpya ukaifanya yake.

Baada ya sala, kina mama walikwenda kununua maembe na samaki wa kukaanga kwa mama mmoja aliyekuwa na taa yake ya sola kando ya barabara. Alipoona vumbi la gari letu aliuliza tumetoka wapi. Aliposikia Garissa, aliweka kisu chini.

"Maji yakoje huko?"

Yule dada wa duka la nguo, ambaye asubuhi alikuwa amesita kuvaa jaketi, alimweleza yote: kijiti, shubiri, povu, majani mabichi, gogo lenye mizizi. Alieleza kwa utaratibu na hakuongeza kitu. Mama wa Garsen alisikiliza, akahesabu siku kwa vidole, akarudia tena kuhesabu. Kisha akamwita mwanawe aliyekuwa akicheza na wenzake upande wa pili wa barabara, akamwambia aende kwa baba yake sasa hivi, amwambie mashine ya kuvutia maji itolewe ukingoni usiku huu huu, isingoje kesho, na aipitie nyumba ya shangazi yake njiani amwambie naye. Mtoto akaondoka mbio. Mama akatufungia samaki, akatuongezea maembe mawili, na tulipomlipa alikuwa tayari ameshika simu sikioni.

Tuliingia Malindi saa tatu usiku.